Usafi wa kuhama: usitaje bei kabla hujafungua oveni

Swali: Shikamoo dada. Naishi Tabata, Dar es Salaam, nina wenzangu wawili na tunafanya usafi wa majumbani. Mwezi uliopita mteja alinipigia simu, nyumba ya vyumba vitatu Mbezi Beach, anahama na anataka kukabidhi funguo. Nikamtajia 80,000. Tulipofika tukakuta umeme wa LUKU umekwisha, tangi halina maji na oveni imeganda mafuta. Tukafanya siku mbili. Mwenye nyumba alipokuja akasema kioo cha bafuni kina madoa meupe, basi mteja kanizuilia 40,000 mpaka leo. Nipangeje bei, na nijiandae vipi? Mtandaoni naona wenzetu wa Uingereza wanatoza kwa idadi ya vyumba. Na mimi nifanye hivyo?

Marahaba mdogo wangu, na pole. Watu watatu siku mbili kwa 80,000, ukitoa nauli na dawa, maana yake mlimlipa mteja awaruhusu kumsafishia nyumba. Wengi tumeanza hivyo. Kazi yangu ya kwanza ya kuhama niliitajia bei nikiwa kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine simu. Nilipofika nikakuta paka wameishi mle ndani miaka minne.

Kosa lako ni moja, hayo mengine ni watoto wake: ulitaja bei ya nyumba ambayo hujaiona.

Nianze na hao wa Uingereza. Kule England na Wales, tangu 2007, sheria inamtaka mwenye nyumba aiweke dipoziti ya mpangaji kwenye mfumo maalumu wa kuilinda, na mara nyingi nyumba hukaguliwa kwa orodha iliyoandikwa siku mpangaji alipoingia. Tangu Juni 2019 England imekataza hata kumlazimisha mpangaji alipie kampuni ya usafi. Anachodaiwa ni kuirudisha nyumba ikiwa safi kama alivyoikuta. Kwa hiyo msafishaji wa kule anajua kazi inaishia wapi, na anajua akifungua bomba maji yatatoka. Bei ya chumba inamtosha, ingawa na London maji yao yana chokaa kama ya visima vyetu.

Hapa kwetu vyumba vitatu havisemi kitu. Vyumba vitatu vya Sinza vyenye jiko la gesi la mezani na dirisha moja moja, na vyumba vitatu vya Masaki vyenye oveni ya kujengea, makabati mpaka darini, mabafu matatu ya vioo na baraza linalotazama bahari, ni kazi mbili zisizojuana. Hata nyumba mbili za ukuta mmoja hutofautiana, hii ina maji ya bomba ya DAWASA, ile inatumia kisima. Ya kisima itakula saa mbili zaidi kwa kila bafu, na hizo saa ndizo zilizokula faida yako Mbezi Beach.

Kabla ya bei, jua unamfanyia nani. Nyumba nyingi za kawaida hapa mjini kodi hulipwa miezi mitatu, sita au mwaka, dipoziti hakuna, mpangaji anayeondoka anafagia na kwenda zake. Anayelipia usafi pale ni yule anayeingia, na anataka pawe safi kweli kwa sababu usiku huohuo watoto wake watalala mle. Huyu mteja ni mzuri, analipa palepale, na njia ya kumpata ni madalali. Mpe dalali chake kidogo kwa kila kazi, hutakosa kazi. Wa pili ni mwenye nyumba anayetaka kupangisha tena. Huyu anajua thamani ya nyumba yake lakini atabana bei, na mara nyingi ana fundi rangi anayekuja. Wa tatu ni kama wako, anayeondoka na ana dipoziti kwa mwenye nyumba. Huyu ndiye mwenye hatari, kwa sababu anakulipa yeye ila anayeikagua kazi ni mtu mwingine, ambaye pengine wana ugomvi wao wa zamani na anatafuta sababu ya kutorudisha hela. Ukikubali kulipwa "mwenye nyumba akiridhika", umeingia kwenye ugomvi usiokuhusu.

Kwa hiyo kwenye simu usitaje bei, uliza. Nyumba itakuwa tupu siku ya kazi, au vitu bado vitakuwa ndani? Funguo zinakabidhiwa lini? Maji ni ya bomba au ya kisima, na tangi lina maji? LUKU ina uniti? Kuna fundi rangi anakuja? Hili la mwisho usilisahau hata kidogo. Ukisafisha leo na fundi akaingia kesho kukwangua kuta, vumbi la jipsamu litarudi kwenye kila kabati, na utakayeitwa kurudia bure ni wewe. Fundi amalize, rangi ikauke, ndipo wewe uingie, na kutoa matone ya rangi kwenye vigae na fremu iwe kwenye bei yako.

Halafu nenda ukaione. Mteja akisema hana muda, mwambie akutumie video ya jiko, mabafu na madirisha, huku akifungua milango ya makabati na oveni. Picha za sebule hazina faida, kila sebule ni nzuri kwenye picha. Ukiwa pale, fungua oveni. Vuta friji mbele uone nyuma yake. Tazama juu kwenye pangaboi na chujio la AC. Telezesha dirisha la aluminiamu uone reli yake ina mchanga kiasi gani, ukague na wavu wa mbu. Fungua kabati la nguo lililoegemea ukuta wa nje. Karibu na bahari, hasa baada ya masika, fangasi hujificha humo. Kama kuna mende wengi au dalili ya kunguni, sema mapema kuwa kupuliza dawa ni kazi nyingine na inatangulia usafi.

Sasa bafuni, ambako ulichomwa. Watu tunasema "maji ya chumvi", lakini chumvi yenyewe huyeyuka kwa maji, ukipitisha tambara lenye unyevu inaondoka. Kile cheupe kinachong'ang'ania kwenye kioo, bomba na vigae zaidi ni chokaa iliyobaki maji yalipokauka. Sabuni haiitoi, Jik haiitoi, na stilwaya itakuchorea kioo. Kinachoitoa ni asidi nyepesi: siki nyeupe, asidi ya limau ya unga, hata ndimu. Siku ya ukaguzi nenda na ndimu moja. Paka kwenye kona ya kioo, subiri dakika tano, sugua kwa kidole. Ikilainika, kazi inawezekana, hesabu saa. Isipotoka, rudia tena mara moja. Ikibaki vilevile, huenda kioo kimeshaliwa, na hilo si uchafu tena, ni uharibifu. Mwonyeshe mteja palepale, piga picha, andika kwamba halimo kwenye kazi yako. Kipimo hicho cha ndimu kingekuokolea 40,000.

Onyo: asidi hiyohiyo isiguse kamwe terazo wala mawe ya marumaru asilia. Zile fleti za zamani za Upanga zina sakafu nzuri za terazo, na ndani yake kuna vipande vya mawe yenye chokaa ileile unayojaribu kuiyeyusha bafuni. Mimi niliwahi kumwaga dawa ya choo mlangoni mwa bafu pale Upanga, nikaacha kiraka kisicho na mng'ao ukubwa wa sahani. Nilimlipa fundi wa kusugua terazo pesa yote ya kazi ile na nauli juu. Ile asidi kali inayouzwa kwa ajili ya vigae nayo nakushauri uiache dukani. Inakula simenti nyeupe ya katikati ya vigae, na mvuke wake unatia kutu mabomba yanayong'aa. Na usichanganye Jik na asidi yoyote, iwe ya choo, siki au ndimu. Hutoka gesi ya klorini, na bafu la ghorofani lenye kidirisha kimoja si mahali pa kukutana nayo. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, fungua dirisha, ndipo ufikirie nyingine. Wafundishe na wenzako, maana ajali hizi huletwa na yule anayetaka "kuongeza nguvu".

Tuje kwenye hesabu. Kinachouzwa hapa ni saa za mtu kusugua, kwa hiyo hesabu saa kwanza, shilingi baadaye. Chukua mfano wa fleti ya vyumba vitatu Mikocheni, tupu, maji ya kisima, chafu ya kawaida. Jiko lenye oveni, friji na makabati, saa 6. Mabafu mawili, saa 3 kila moja, ni 6. Vyumba vitatu kwa saa moja na nusu, 4 na nusu. Sebule na sehemu ya kulia, 3. Madirisha kumi na mawili pamoja na nyavu na grili, dakika 20 kila moja, ni saa 4. Baraza na korido, saa moja na nusu. Deki ya mwisho na ukaguzi, 2. Jumla saa 27. Mtu mmoja kwa siku anakupa saa 7 za kazi kweli, ukitoa chakula na kupumzika. Ishirini na saba kwa saba ni karibu watu wanne, siku moja.

Sasa shilingi, na hizi ni za mfano, weka za kwako. Watu wanne kwa 20,000 ni 80,000. Umeona? Ile bei yako yote imeishia kwenye vibarua. Chakula na maji ya kunywa, 5,000 kila mmoja, ni 20,000. Kirikuu au bajaji ya kubeba vifaa kwenda na kurudi, 35,000. Dawa, sabuni, glavu na matambara, 30,000. Uchakavu wa vifaa, 15,000, kwa sababu mopa na ngazi hazitajinunua zenyewe. Nauli ya kwenda kukagua na vocha, 10,000. Inafika 190,000. Ongeza asilimia kumi ya dharura, 19,000, upate 209,000. Hiyo ndiyo sakafu yako, chini ya hapo bora ukalale. Juu yake weka faida ya biashara. Mimi huweka asilimia thelathini, inakuja kama 271,000, namwambia mteja 270,000. Kama wewe mwenyewe ni mmoja wa wale wanne, ile 20,000 yako ni mshahara, usiichanganye na faida. Faida ndiyo itakayonunua mashine ya kufyonza vumbi mwakani.

Atabana bei, huu mji wa kubana bei. Usishushe bei huku kazi ikibaki ileile. Punguza kazi: "Sawa bosi, kwa 230,000 tunaacha madirisha ya nje na baraza." Wengi wakisikia hivyo wanarudi kwenye bei ya mwanzo. Kuosha sofa, zulia na mapazia vipe bei yake kila kimoja. Vivyo hivyo magodoro na makabati mabovu yanayoachwa. Kuyaondoa ni gari na ni hela, na usikubali "mtayatupa tu hapo nje", maana mlinzi na serikali ya mtaa watakutafuta wewe. Bei taja kwa shilingi hata kama mteja ni mgeni na kodi yake ulisikia ni dola. Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za hapa nchini. Mteja akiwa kampuni, uliza mapema kama wanahitaji risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wanalipa baada ya siku ngapi, na kama watakukata kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kwenye malipo yako kabla hayajakufikia. Jibu la maswali hayo linaingia kwenye bei.

Malipo: nusu unapopangiwa tarehe, kwenye lipa namba ili kuwe na kumbukumbu, nusu iliyobaki kazi ikimalizika kwa orodha mliyokubaliana. Orodha iandike hata kwenye WhatsApp, kwa Kiswahili cha kawaida: oveni ndani na nje, makabati ndani, madirisha ndani tu, na kadhalika. Aijibu "nimekubali". Kama mteja anasafiri, pesa yote iingie kabla hajaita teksi ya kwenda uwanja wa ndege. Ndege ikishapaa, simu yake haipatikani, na mwenye nyumba atakwambia hakujui.

Maandalizi yanaanza jana yake. Friji izimwe na mlango uachwe wazi usiku, barafu iyeyuke yenyewe. Atakayechokoa kwa kisu atatoboa njia ya gesi, na utanunua friji. Omba namba ya mita ya LUKU. Kama mteja hataki kununua uniti, nunua wewe na uziingize kwenye bei, maana bila umeme huna hita, huna taa ya bafuni, wala huwezi kuonyesha kwamba oveni uliikuta inawaka na umeiacha inawaka. Maji ndiyo makubwa zaidi. Sisi kwa fleti kama ile ya Mikocheni hatuanzi bila lita 300 za uhakika, yaani madumu kumi na tano ya lita 20. Kama tangi ni kavu, muuza maji mwenye guta aje asubuhi, na aliyesema "maji yapo" ndiye analipa. Andika hilo kwenye orodha. Kama ni jengo la ghorofa, msimamizi na mlinzi wajue mnakuja, na uulize lifti mnaruhusiwa saa ngapi. Nimewahi kupandisha ndoo mpaka ghorofa ya sita kwa ngazi kwa sababu tu sikupiga simu moja.

Siku yenyewe, kabla hujalowesha tambara, zunguka na simu upige picha kila chumba: kigae kilichopasuka, bawaba iliyolegea, sinki lenye ufa. Kisichopigwa picha asubuhi, jioni umekivunja wewe. Kisha paka dawa ya mafuta kwenye oveni na siki kwenye mabafu kabla ya kitu kingine. Kwenye bomba, zungushia tishu iliyolowa siki nusu saa, kisha suuza vizuri, maana ikikaa sana inachafua mng'ao. Dawa ziwe zinafanya kazi wakati nyie mnatoa buibui, mnapangusa mapangaboi na kushusha vumbi kutoka juu. Dawa ya oveni ina soda kali, isiguse aluminiamu, itaifubaza. Fangasi ilowesheni kabla ya kusugua, isiruke ikawaingia puani. Kuta pia zijaribu kwanza pembeni. Rangi ya mafuta inaoshwa, lakini rangi ya maji ya bei nafuu itatoka na tambara, ubaki na ukuta wenye mabaka na kesi. Madirisha ya nje ya ghorofani asitoke mtu hata kiwiliwili. Kinachofikiwa kwa mpini ukiwa umesimama ndani, sawa, kingine hakimo kwenye kazi. Deki ianzie chumba cha mbali na kuishia mlangoni, na wakati wa masika ongeza muda wa kukauka, la sivyo mwenye nyumba ataingia na viatu juu ya sakafu mbichi na kusema ni chafu.

Mkimaliza, pitieni orodha pamoja na mteja, taa zimewashwa. Kioo cha bafuni kikaguliwe kikiwa kikavu, kwa sababu kikilowa kila kioo ni kisafi, na madoa huibuka baada ya saa moja mmeshaondoka. Nadhani hicho ndicho kilichokupata.

Na ile 40,000. Mpigie mteja, umwombe saa moja tu ya kurudi pale, yeye au mwenye nyumba akiwepo. Nenda na asidi ya limau, chupa ya kunyunyizia na kitambaa laini. Fanya kile kipimo cha kona mbele yao. Doa likitoka, malizia kioo chote na udai pesa yako hapohapo mlangoni. Lisipotoka mara mbili, waambie kioo kimeliwa, hakuna msafishaji atakayekirudisha, na miaka ya maji ya kisima si deni lako. Akikataa hata kukufungulia geti, ihesabu kama ada ya shule, namba yake uihifadhi kwa jina utakalolikumbuka, na kesho ukipigiwa simu kutoka Mbezi Beach ulizia kwanza maji yanatoka wapi.